Je, wajua sakitu haianguki?

Katika Biblia ya Kiswahili, Kutoka 16:14, mana inaelezwa kuwa kitu kidogo kama sakitu juu ya nchi. Sakitu ni zile chembechembe nyeupe za barafu zinazoonekana alfajiri kwenye nyasi za uwanda wa juu wa Kitulo, Tanzania, mwezi Julai, au kwenye chai ya Kericho baada ya usiku wa Januari usio na mawingu. Neno lina asili ya Kiarabu, kwenye saqata, yaani kuanguka. Sakitu ni kilichoanguka.

Jina zuri, lakini si kweli.

Waliolitunga wasilaumiwe. Asubuhi nyasi za uwanjani ni nyeupe na za chini ya mti zimebaki kijani, kama vile mti umezikinga na mvua. Mwaka 1814 daktari William Charles Wells wa London alichapisha majaribio yake kuhusu umande, ndugu wa sakitu. Aliacha kifungu cha sufu wazi uwanjani, na kingine akakiweka ndani ya bomba la udongo lililosimama wima, juu wazi. Kama umande ungekuwa unashuka, usiku mtulivu bomba lisingeuzuia. Kumbe sufu ya bombani ilipata unyevu kidogo mno kuliko ya nje. Bomba halikuziba njia ya umande, lilipunguza kiasi cha anga ambacho sufu "iliona".

Hapo ndipo penye siri. Jani lililo wazi hupoteza joto kuelekea angani usiku kucha, mpaka linakuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Chupa ya soda ikitoka kwenye friji hulowa nje bila kuvuja wala kunyeshewa, kwa kuwa mvuke wa hewani umegusa kitu baridi. Jani ni chupa hiyo, na friji yake ni anga lenyewe. Jani likishuka chini ya nyuzi 0, mvuke huganda juu yake bila kupitia maji. Si kila mara: pengine umande hutangulia, kisha ukaganda. Jani lililo chini ya mti hurudishiwa joto na matawi.

Kwa hiyo kipimajoto kilichotundikwa juu kidogo ya shamba chaweza kusoma nyuzi 2 huku chai imeshachomwa na baridi. Kinachoshuka kweli usiku huo ni hewa baridi, maana ni nzito. Hutiririka hadi bondeni na kutuama, na chai ya huko huungua wakati ya mgongo wa kilima imepona.