Kwa nini yai la nguruwe lililokomalia maabara huonekana zima lakini hukwama?

Je, wajua kwamba yai likitolewa tu katika kifuko chake ndani ya ovari huanza kukomaa lenyewe, bila homoni kuliamuru? Gregory Pincus na Ernst Enzmann waliliona jambo hili kwa sungura mwaka 1935, na yai la nguruwe nalo ni hivyo hivyo. Kumbe kifuko ndicho kinacholizuia lisubiri wakati wake.

Kama hukomaa lenyewe, shida iko wapi? Shida ni kwamba ukomavu wa yai ni wa aina mbili. Kiini hukomaa kwa kugawa kromosomu zake na kutoa nusu nje katika kitone kidogo, na hilo huonekana kwa darubini. Saitoplazimu inayokizunguka nayo lazima ikomae, ila huwezi kuitambua kwa kuitazama tu. Humo ndimo yai linamoweka akiba ya glutathioni, ambayo hulegeza kichwa cha mbegu ya dume ili kromosomu zake zifunguke. Kiini kikitangulia na saitoplazimu ikachelewa, yai linaonekana zima, lakini likirutubishwa kiinitete hukwama njiani. Tena kwa nguruwe, katika urutubishaji wa maabara, mbegu kadhaa huingia kwa urahisi katika yai moja, na kiinitete cha namna hiyo kwa kawaida hakina mustakabali.

Mayai yanayokomazwa maabara hutoka kwenye ovari zilizochukuliwa machinjioni, mara nyingi za nguruwe wachanga ambao hawajaingia kwenye joto hata mara moja. Hufyonzwa kwa sindano, kisha hulazwa katika maji ya lishe yenye joto la nyuzi 38.5 hivi za Selsiasi kwa muda wa saa 40 hadi 44.

Yai halitoki peke yake. Hutoka limevikwa tabaka za seli ndogo ziitwazo kumulasi, zilizopenyeza vijinyuzi vyembamba hadi kwenye yai na kulilisha kupitia humo. Kwangu mimi, hizi ndizo uti wa mgongo wa habari yote. Mwilini, homoni ya LH, ile inayoamuru yai likomae, haizungumzi na yai moja kwa moja. Huzichochea seli za ukuta wa kifuko zitoe protini za ukoo wa EGF, kichochezi cha ukuaji ambacho ugunduzi wake ulimpatia Stanley Cohen sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 1986. Protini hizo huziamsha kumulasi, nazo hutoa asidi ya hialuroniki na kutanuka kama wingu la ute kulizunguka yai. Maabara hakuna ukuta wa kifuko. Ndiyo maana EGF hutiwa kwenye maji ya lishe, kwa kiasi cha nanogramu chache tu kwa kila mililita.

Haya si mambo ya zizini pekee. Moyo aliowekewa mgonjwa mjini Baltimore, Marekani, Januari 2022 ulitoka kwa nguruwe aliyebadilishwa jeni 10. Kumpata mnyama kama huyo huanzia kwenye yai, na yai dhaifu hupoteza kazi yote inayofuata.

Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri walichanganya vichochezi vitatu, FGF2, LIF na IGF1, katika maji ya kukomazia mayai ya nguruwe wachanga. Viinitete vilivyofika hatua ya blastosisti, yaani kijitufe cha seli chenye uwazi ndani, viliongezeka maradufu, na nguruwe waliopandikizwa viinitete hivyo wakazaa wastani wa watoto 9 hivi, pia maradufu. Ukihesabu kwa kila yai lililokusanywa, watoto waliozaliwa waliongezeka mara 4. Walipochunguza mayai hayo, waliona kumulasi zimetanuka zaidi, na vile vijinyuzi vinavyoziunganisha na yai vimekatika mapema kuliko kawaida.