Udongo unapogeuka uji: dhana potofu kuhusu matetemeko

“Jengo likilala, fundi alilipua kazi.” Si lazima. Juni 1964 tetemeko lilipopiga Niigata, Japani, maghorofa ya mtaa wa Kawagishi-cho yaliinama, moja likalala kabisa ubavu, ilhali kuta zake hazikuvunjika. Kilichoshindwa ni mchanga uliokuwa chini yake.

Mchanga mlegevu hubeba mzigo kwa sababu punje zake zimegusana. Ukitikiswa, punje hutaka kubanana, lakini nafasi kati yake imejaa maji, na maji hayo hayapati muda wa kutoka. Shinikizo lake hupanda hadi punje zinaachana, na ardhi inageuka uji. Aliyekulia pwani anaijua ladha yake: simama kwenye mchanga uliolowa maji yakipwa, chezesha nyayo, uone unavyozama. Nyumba huzama vivyo hivyo, na matangi matupu yaliyofukiwa huibuka juu.

“Ardhi hufunguka ikameza watu, kisha ikajifunga.” Picha hii haifi, nadhani kwa sababu inatisha vizuri. Palu, Indonesia, tarehe 28 Septemba 2018, mambo yalikuwa mengine: tetemeko lenye ukubwa wa 7.5 lilipopiga, mitaa ya Petobo na Balaroa iliteleza. Nyumba, minazi na barabara vilisafiri mamia ya mita, kwenye mteremko ambao kwa macho ungeuita tambarare. Huko Petobo watafiti wengi wanautazama mfereji wa umwagiliaji uliopita upande wa juu, kwani maji ya mashamba ya mpunga yalikuwa yameujaza udongo kwa miaka mingi.

“Kila udongo hugeuka uji.” Hapana. Mwamba haugeuki, wala mfinyanzi mgumu.

“Mbali na kitovu ni salama.” Mwaka 1985 Mexico City ilikuwa zaidi ya kilomita 300 kutoka kitovu cha tetemeko, yaani mahali palipo juu kabisa ya chanzo chake. Sehemu ya jiji imekaa juu ya tope la ziwa la kale, na tope hilo liliukuza mtikisiko.

“Ardhi ikishageuka uji, imejishindilia, haitarudia.” Waulize wakazi wa mashariki ya Christchurch, New Zealand. Baada ya matetemeko walizoa tope la kijivu uani Septemba 2010, wakalizoa tena Februari 2011, na tena Juni. Mwishowe serikali ilinunua maelfu ya nyumba na kuzibomoa. Leo pale pana majani, na miti ya matunda iliyopandwa na wenye bustani.