Je, wajua kwa nini mtafiti wa mitishamba huuliza habari za kinu na chungu?

Mwanafunzi wa uzamili anayechunguza mimea dawa akifika kwa bibi anayesifika kwa kutibu tumbo, ungedhani shida yake ni kujua mti gani tu. Hilo huuliza, na tawi hulibana katikati ya magazeti likauke, wataalamu wa mimea wakathibitishe, maana jina moja laweza kuwa la mti huu Tanga na la mti mwingine kabisa Songea. Lakini daftari lake hujaa maswali ya jikoni. Unatwanga au unakatakata? Unachemsha au unaloweka? Sufuria unaifunika? Bibi humtazama kijana wa chuo kikuu asiyejua kupika, akacheka.

Sababu utaiona kwenye punje ya kitunguu saumu. Inuse ikiwa nzima: karibu hakuna harufu. Iponde kwa ubapa wa kisu, harufu inakujia mpaka machoni. Harufu ile haikuwa imejificha ndani, haikuwapo kabisa. Ndani ya seli za kitunguu kuna kitu kiitwacho aliini, na pembeni yake, katika chumba kingine, kumehifadhiwa kimeng'enya cha kukivunja. Ukiponda, kuta zinabomoka, viwili hivyo vinakutana, na inazaliwa alisini, ambayo wakemia wa Marekani waliitenga mwaka 1944 na kuonyesha kwamba inaua bakteria. Kimeng'enya hicho hakivumilii moto. Ukitupa punje nzima kwenye mafuta yanayochemka, utapata ladha nzuri na alisini kidogo mno. Ndiyo maana hushauriwa uponde, usubiri dakika kumi hivi, ndipo ukaange. (Mimi mwenyewe njaa hunishinda kabla ya dakika ya tatu.)

Kisamvu kinatumia ufundi huohuo, ila kinachozaliwa ni sumu. Majani ya muhogo yana linamarini, na kimeng'enya chake kimetengwa kando. Mchi ukishuka kinuni, vinakutana, inatoka sianidi. Kwa hiyo shangazi anayetwanga kisamvu mpaka kilainike kama uji anaizalisha sumu makusudi, izaliwe mapema na itoroke kabla ya kufika tumboni. Sianidi ya aina hiyo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi tu, joto la mchana wa kawaida Dar es Salaam, basi sufuria iliyo wazi jikoni inaifukuza bila taabu. Ukiyatia majani mazima kwenye maji yanayotokota, moto unaua kimeng'enya kwanza, linamarini inabaki majanini, nawe unaila.

Hili si la kutishia watoto. Muhogo mchungu ukiandaliwa haraka wakati wa njaa, na mlo ukikosa protini, huja konzo: mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na hairudi tena kama zamani. Ugonjwa huo ulielezwa Congo mwaka 1938, na kwetu Tanzania umewahi kuzuka Tarime na Mtwara.

Kisa kinachojulikana zaidi kinatoka China. Mwaka 1971 Tu Youyou na wenzake walikuwa wakitafuta dawa ya malaria kwenye mmea ambao kwetu wengi huuita pakanga. Dondoo zao, yaani dawa iliyotolewa kwenye mmea kwa kuuloweka au kuuchemsha katika kimiminika, zilikuwa leo zinafanya kazi, kesho hazifanyi. Akarudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong, ya karne ya 4, akasoma: loweka majani kwenye maji, kamua, unywe. Moto haukutajwa, akashuku kwamba joto ndilo lililokuwa likiiharibu dawa. Akabadili njia, akatumia etha, kimiminika cha maabara kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi, na dondoo hilo likaua vimelea kwa panya. Ndipo ikapatikana artemisinini, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel.

Hapa ndipo watu hukimbilia kuloweka pakanga nyumbani. Ngoja kwanza. Artemisinini huyeyuka kwa shida kwenye maji, na kiasi chake hubadilika kati ya kikombe na kikombe. Dozi pungufu huacha vimelea hai, vikajifunza kuizoea dawa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba haliungi mkono chai ya mmea huo kutibu malaria.

Turudi kwa mwanafunzi wetu, tuseme yuko Taasisi ya Tiba Asili, Muhimbili, iliyoanza mwaka 1974 kama kitengo cha utafiti. Maabara inamvutia atumie methanoli, alkoholi yenye sumu, kwa kuwa inanyonya vingi kutoka kwenye jani na matokeo yake hupendeza kwenye jedwali. Kwa maoni yangu huo ndio mtego mkubwa wa fani hii, maana hakuna mgonjwa wa bibi aliyewahi kunywa methanoli. Aliye makini huandaa pia dondoo la maji, kama linavyopikwa kule kijijini.

Na hapo hukwama kwenye kipimo. Bibi alisema "gao moja", yaani kiasi cha kujaa mkono. Basi kijana anarudi na mizani ndogo mkobani, anamwomba bibi achote gao la majani, analipima, anaandika, kisha anamwomba achote tena. Na tena. Mara ya tano bibi anamuuliza kama chuoni kwao hawana mikono.