Skeli si mizani, wala si ukubwa

Juzi nimelisikia tena lile kosa la kuiita skeli mizani. Video ya mtu anaunganisha Ford ya 1932 ya plastiki, kazi safi, mkono hautetemeki, na sauti ya Kiswahili iliyowekwa juu yake inasema: "Hili ni gari la mizani." Nilicheka kwanza, hasira ikafuata. Kwetu gari la mizani ni lori lililopanga foleni kwenye mizani ya barabarani, dereva kashuka, utingo anaomba Mungu ekseli ya nyuma isizidi uzito. Kile alichoshika fundi wa kwenye video kinakaa kiganjani na hakifikii uzito wa embe dodo.

Maana yenyewe haina maneno mengi. Skeli ni uwiano kati ya vipimo vya mfano na vipimo vya kitu chenyewe. Gari la mfano la skeli ya 1:25 lina milimita 1 kila mahali ambapo gari halisi lina milimita 25: mlango, usukani, kioo, kitasa. Aliyesoma ramani shuleni analijua hili, maana karatasi zile za 1:50,000 zilikuwa na skeli, au kipimio kama mwalimu wako alipenda neno hilo. Basi.

Sasa turudi kwenye mizani, maana kosa hili lina chimbuko. Waingereza wana maneno mawili yaliyofanana sura kama mapacha wasio ndugu, yote mawili huandikwa scale. Moja limetoka kwa watu wa Skandinavia wa kale na maana yake ilikuwa bakuli. Hizo ndizo sahani mbili zinazoning'inia kwenye mizani ya dukani. La pili limetoka Kilatini, scala, yaani ngazi. Vipandio vya ngazi hupishana kwa nafasi sawa, na kutoka hapo neno likahamia kwenye alama za rula, likaenda kwenye ule mstari uliokatwakatwa chini ya ramani, mwisho likawa uwiano wenyewe. Mfasiri akikutana nalo bila kutazama limekaa wapi, anaokota la kwanza linalomjia, na linalomjia ni la muuza nyama.

Kinachoniudhi ni kwamba Kiswahili kilishalifasiri neno hili sawasawa zamani. Mtumishi wa serikali Tanzania husema yuko ngazi fulani ya mshahara, TGS hii au ile, na ile S ya mwisho ndiyo skeli yenyewe. Mwalimu anayelalamika kwamba hajapanda ngazi miaka mitano anasema Kilatini bila kujua. Mizani ni ukoo mwingine kabisa: ni Kiarabu, ndugu wa uzani. Hata mizani ya shairi ni hesabu ya silabi za mshororo. Mizani hukuambia kitu chenyewe kina kiasi gani. Skeli haina la kusema mpaka uwe na vitu viwili, kidogo na kikubwa, na uvilinganishe. (Wala sisemi tuanze kusema "gari la ngazi". Hilo ni la zimamoto.)

Kosa la pili ni la hesabu, na hili husemwa hata na watu wenye rafu nzima ya mifano. "Hii ni skeli kubwa, 43." Hapana. 1:43 ni ndogo kuliko 1:24, kwa sababu ileile inayofanya robo ya mkate iwe ndogo kuliko nusu. Namba ya pili ikikua, gari linasinyaa. Ford ile ya 1932, inayopendwa kuliko zote na wajenzi wa hotirodi (magari ya zamani ya Marekani yaliyovuliwa uzito na kupewa nguvu ili yakimbie), ina inchi 106 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, sawa na milimita 2,692. Kwenye 1:43 zinabaki milimita 63 hivi. Kwenye 1:24 ni 112.

Na kwenye 1:25? Ni 108. Hapa ndipo wengi huniambia, "Aa, si karibu sawa tu?" Ukiyatazama kabatini, ndiyo. Lakini chukua injini ya V8, yaani ya silinda nane, kutoka boksi la 1:25 uiweke kwenye chesisi ya 1:24, uone inavyoogelea katikati ya fremu, radieta iko mbali nayo, na ekzosi hazifiki zinakopaswa kufika. Tofauti ya urefu ni asilimia 4, lakini ujazo ni urefu mara upana mara kimo, kwa hiyo gari la 1:24 linazidi mwenzake kwa asilimia 13 hivi. Ndiyo maana mtu hutazama gari la mwenzake akasema "kuna kitu hakijakaa" bila kuweza kunyoosha kidole.

Skeli hizi mbili zinaishi pamoja kwa ajali ya historia. 1:24 ni hesabu ya futi na inchi: futi moja ina inchi 12, ukiifanya nusu inchi umepata 1 kwa 24. 1:25 ni tamu kwa mtu wa mita: mita moja inakuwa sentimita 4 kamili. Ungetegemea basi Wamarekani wakae na ya kwanza na Wajapani na ya pili. Imekuwa karibu kinyume. AMT wa Michigan, walioanza kwa kutengeneza mifano ya kugawiwa na wauzaji wa magari mapya, walishika 1:25, na wajenzi wengi wa hotirodi wakawafuata. Tamiya wa Japani, nchi ya mita, magari yao mengi ni 1:24. Monogram, Wamarekani wengine, nao walikuwa 1:24. Waingereza ndio walichanganya kabisa: 1:43 ilizaliwa kwenye treni za kuchezea, ambako milimita 7 zilisimama badala ya futi moja. Milimita kwa futi! Gawanya mwenyewe uone kwa nini inatoka 43 na nusu.

Sasa sehemu ninayoipenda. Skeli haiishii kwenye bodi. Inadai kila kitu unachokibandika. Waya za plagi za gari halisi zina unene wa milimita 7 au 8; kwenye 1:25 hiyo ni kama milimita 0.3, unene wa uzi wa kushonea. Anayetumia waya wa umeme wa milimita 1 kwa sababu "ni waya wa kweli" amefunga juu ya injini yake mabomba ya maji ya inchi moja, manane. Rangi nayo: mikono mitatu mizito ya brashi ikifika sehemu ya kumi ya milimita, umeipiga Ford lipu ya milimita 2.5, na mistari ya mlango inazibika. Rangi ya kucha yenye vimetameta ni nzuri ukiitazama chupani, ila kwenye boneti vile vimetameta vinakuwa na upana wa punje za mahindi.

Lililonifundisha zaidi lilitoka kwetu. Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971, chini ya Edgar Herrmann na Hans Schüller, imetolewa na Hasegawa, watengenezaji wa mifano wa Japani, katika 1:24. Nilijenga moja, nikaona gari la Safari bila matope ni uongo. Nikachukua udongo mwekundu wa kweli, nikauchekecha kwa chujio la chai, nikauchanganya na gundi, nikaupaka kwenye madigadi. Ulikuwa udongo halisi wa Afrika Mashariki, na ulionekana kama kokoto. Chembe ya nusu milimita kwenye 1:24 ni jiwe la milimita 12. Gari langu lilionekana kama limechimbuliwa machimboni. Niliusugua wote kwa mswaki, nikarudi na chaki ya rangi iliyosagwa hadi ikawa laini kama poda ya mtoto, na mara matope yakawa matope. Vumbi, maji na moshi havikubali kupungua pamoja na gari, kwa hiyo unatafuta kitu kingine kinachojifanya vumbi.

Tukirudi dukani: kijana mmoja Kariakoo aliniuzia hoja kwamba vigari vyake vyote ni "vya skeli". Rafu ilikuwa na basi na saluni, vyote sentimita 12, kwa sababu boksi lilikuwa moja. Basi la mita 12 hapo ni 1:100. Saluni ya mita 4.5 ni kama 1:37. Vikisimama bega kwa bega, abiria wa saluni hatapita mlango wa basi. Havikuwa vibaya, magari ya waya tuliyosukuma utotoni hayakuwa na skeli yoyote na sijawahi kumiliki gari zuri kuliko lile. Nilimwambia tu, taratibu, achukue rula apime kati ya ekseli, kisha apime upana, agawanye vyote kwa vipimo vya gari lenyewe. Majibu mawili yakilingana, aandike skeli kwenye bei. Yasipolingana, aandike "kigari", nami nitakinunua vilevile.