Kurejesha na kugeuza: maana ya maneno mawili katika vigari vya plastiki vya kuunga

Kigari cha kuunga ni gari dogo la plastiki linalouzwa likiwa vipande. Ndani ya boksi kuna bodi, chesisi, injini, viti, vioo na rimu, vingi vikiwa bado vimeshikamana na fremu zake. Mnunuzi huvikata, huvisugua, huviunga kwa gundi na kuvipaka rangi mwenyewe. Kurejesha ni kuchukua kigari cha namna hiyo kilichochakaa, au kilichoungwa vibaya tangu mwanzo, na kukirudisha katika hali iliyokusudiwa na kiwanda. Kugeuza ni kukitumia kama malighafi ya gari jingine, kwa mfano kukata van ya kawaida hadi iwe taksi ya Kampala yenye mstari wa miraba ya buluu.

Watu huyachanganya maneno haya kwa sababu kazi zote mbili huanza mahali pamoja: kubomoa, kubandua rangi na kurudi kwenye plastiki tupu. Tofauti inatokana na kile kilichosalia. Kigari ambacho vipande vyake vyote vipo, na ambacho hakitengenezwi tena, kirejeshwe. Kilichopoteza injini, bampa na vioo hakina cha kurejeshewa, kwa hiyo kigeuzwe bila kusita. Kukata kigari kizima na adimu wakati kuna mabovu kumi ya kukatwa ni hasara isiyofidika.

Kugeuza si uzushi wa juzi. Kampuni ya Marekani ya AMT ilianza mwaka 1958 kuuza maboksi ambayo kigari kimoja kingeweza kuungwa kwa njia tatu: kama kilivyotoka kiwandani, kikiwa kimepambwa, au kikiwa cha mashindano. Ndiyo maana vigari vya zamani vya Kimarekani vina vipande vya ziada visivyoelekea kuwa na kazi. Usivitupe.

Kabla ya kugusa chochote, jua plastiki uliyonayo na kipimo cha kigari, yaani udogo wake ukilinganishwa na gari halisi. Karibu vigari vyote vya kuunga ni vya polistirini. Vigari vya matangazo vya Kimarekani vya miaka ya 1950, vilivyotolewa na wauzaji wa magari vikiwa vimeshaungwa, vingi ni vya asetati ya selulosi, plastiki inayojikunja yenyewe kadiri miaka inavyopita. Hiyo hainyooki ikatulia, kwa hiyo usiipotezee muda. Kuhusu kipimo, vigari vya Kijapani kwa kawaida ni 1/24 na vya Kimarekani ni 1/25. Tofauti inaonekana ndogo hadi uipime. Toyota HiAce yenye urefu wa milimita 4,695 huwa na milimita 195.6 katika 1/24, na milimita 187.8 katika 1/25. Karibu milimita nane! Chesisi ya kipimo kimoja haiingii katika bodi ya kingine bila kukatwa, ingawa rimu na viti huazimana vizuri.

Sasa kubomoa. Kigari kilichoungwa na mtoto kwa gundi ya kumiminika ovyo huitwa bomu la gundi na wapenzi wa kazi hii, na ndicho utakachokutana nacho zaidi, iwe kwenye rundo la vitu vya kuchezea vya mitumba pale soko la Owino, Kampala, au katika sanduku la mzee aliyewahi kuishi ughaibuni. Kinachoamua kama kitafunguka ni aina ya gundi. Gundi ya plastiki haibandiki. Inayeyusha nyuso mbili za polistirini zikachanganyika kuwa kitu kimoja. Pale ilipowekwa sawasawa hakuna tena mpaka wa kufungua, na njia pekee ni msumeno mwembamba. Lakini mtoto humimina gundi nyingi mahali pasipogusana vizuri, na mabonge hayo ni dhaifu. Supaglu nayo hushika juu juu tu. Kwa aina zote mbili hizo, funga kigari ndani ya mfuko, kiweke kwenye friza kwa muda wa saa tatu hivi, kisha kipindepinde taratibu kikiwa bado baridi. Gundi iliyoganda hupoteza unyumbufu na kukatika kwa mlio mdogo. Ukisikia mlio huku kiungo hakijafunguka, simama uangalie, kwani huenda ni nguzo ya dirisha iliyovunjika. Nguzo za dirisha la mbele ndizo huvunjika kwanza, daima.

Kubandua rangi ndiko kunakoharibu vigari vingi kuliko hatua nyingine yoyote, kwa sababu mtu hushika thina. Thina ya rangi za magari huyeyusha polistirini ndani ya dakika chache. Bodi huwa laini, kisha maandishi na nembo zote hufutika. Asetoni vivyo hivyo, na petroli huifanya plastiki ipasuke nyufa. Kinachofaa ni mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4, yanayopatikana katika kila duka la spea, kuanzia Kisekka, soko la spea la Kampala, hadi Mbarara. DOT 5 ni ya silikoni, haifanyi lolote kwa rangi. Nusu lita inatosha bodi moja ukitumia kopo jembamba la aiskrimu na kuigeuza bodi kila siku. Iache saa 24, ivue kwa glavu, isugue kwa mswaki wa zamani, kisha irudishe kama bado kuna rangi. Rangi ya brashi iliyopakwa mara nne tano inaweza kuchukua wiki. Usizidishe zaidi ya hapo, maana plastiki ya zamani iliyokaa muda mrefu katika mafuta ya breki hukauka na kuwa kama biskuti. Osha kwa sabuni na maji ya vuguvugu mara mbili, kwani mafuta yakibaki kwenye mifereji ya milango rangi mpya itakimbia hapo na kuacha vijicho. Mafuta yenyewe yachuje kwa kitambaa na yatumike tena, usiyamwage mtaroni.

Vioo visiguse mafuta hayo kamwe. Hupata utando wa nyufa nyembamba usiotoka. Vioshe kwa sabuni tu. Mikwaruzo iondolewe kwa msasa P2000 wa maji, kisha dawa nyeupe ya meno kwenye kitambaa cha pamba, kwa subira.

Vipande vya kung'aa, yaani bampa, grili na rimu, vina tabaka jembamba sana la alumini juu ya vanishi. Jiki huiondoa alumini hiyo ndani ya saa chache. Vanishi iliyobaki chini hutoka kwa mafuta ya breki. Usichanganye jiki na siki wala dawa ya kusafishia choo, kwa kuwa hutoa gesi ya klorini. Hapa pana uamuzi wa maana zaidi: kung'aa kwa kiwandani hakurudi kikamilifu kwa rangi ya fedha ya kawaida. Ikiwa bampa ina mikwaruzo miwili tu, iache. Anayerejesha hukubali alama ndogo za umri. Anayegeuza ana uhuru wa kuipaka nyeusi na kuendelea.

Bodi iliyopinda hunyooshwa kwa maji ya moto, na hapa mwinuko wa nchi unasaidia kidogo. Polistirini huanza kulegea karibu na nyuzi 90 hadi 100, na maji ya Kampala, mji ulio takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, huchemka karibu nyuzi 96. Hata hivyo hayo ni moto mno, yataikunja bodi nzima. Changanya vikombe viwili vya maji yaliyochemka na kimoja cha maji ya bomba. Utapata nyuzi 70 hivi. Zamisha sehemu iliyopinda tu kwa sekunde 30, inyooshe kwa vidole, ishikilie hivyo hivyo chini ya maji baridi. Rudia mara tano badala ya kulazimisha mara moja.

Mashimo na nyufa huzibwa kwa njia mbili. Ufa mwembamba huzibwa kwa plastiki yenyewe: katakata vijiti vya fremu, vitumbukize kwenye chupa ndogo ya kioo, mimina thina hadi ivifunike mara mbili, acha usiku mzima hadi iwe uji mzito. Uji huo huungana na bodi, lakini hunywea unapokauka, hivyo subiri saa 48 kabla ya msasa, la sivyo mfereji utajitokeza chini ya rangi baada ya wiki mbili. Shimo kubwa linataka puti ya magari ya sehemu mbili, ile ile ya mafundi wa kunyoosha bodi. Puti ukubwa wa punje ya karanga inahitaji kikaushio kidogo kuliko punje ya mchele. Ukizidisha, hukauka kabla hujaipaka na hubanduka kingoni. Anza na msasa P400, maliza na P800. Kabla ya praima, yaani rangi ya msingi, pitisha mgongo wa wembe kwenye mistari ya milango na boneti, kwa sababu rangi mpya itazidi kuijaza na gari litaonekana kama sabuni iliyochongwa.

Kuhusu rangi yenyewe, maduka ya rangi za magari huchanganya kwa namba ya gari halisi na hukupa kiasi kidogo, jambo jema kwa anayetaka rangi sahihi. Tatizo ni ile thina iliyomo. Kwenye plastiki tupu itachora nyufa kama tope lililokauka. Praima ndiyo kinga, nayo ipulizwe kama umande: tabaka la kwanza lisifunike, libakie vitone tu, dakika kumi zipite, kisha la pili na la tatu, kutoka sentimita 20 hadi 25. Usipulize mvua ikiwa imetoka kunyesha. Thina inapopaa hupoza uso wa rangi, unyevu wa hewa unatua juu yake, na rangi inakuwa na ukungu mweupe. Katika miezi ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, subiri asubuhi kavu. Ukungu ukishaingia, tabaka jepesi la rangi ile ile siku kavu kwa kawaida huuondoa.

Vioo virudishwe kwa gundi nyeupe ya maseremala. Mvuke wa supaglu huganda juu ya kioo kama pumzi isiyofutika. Stika za maji, yaani zile zinazolowekwa kabla ya kubandikwa, zilizogeuka manjano zifungwe ndani ya mfuko mwangavu na kubandikwa kwenye dirisha lenye jua kwa wiki mbili tatu. Jua hupausha umanjano. Zikiwa zimepasukapasuka, zipulizie klia (vanishi isiyo na rangi) kwanza na ujaribu ile usiyoihitaji.

Kugeuza kuwa gari la hapa kwetu kuna kazi moja isiyokwepeka: usukani. Uganda tunaendesha kushoto, na vigari vingi vya Kimarekani vina usukani kushoto. Kata dashibodi pale penye mita, hamishia kipande hicho kulia, na kipande kilichotolewa kulia kizibe pengo. Pedali zifuate, na boksi la usukani kwenye injini pia. Kinachosahaulika ni waipa: nazo lazima zilale upande wa pili, na jicho la dereva wa kweli huliona kosa hilo kabla ya lingine lolote. Kigari cha Kijapani mara nyingi hukuondolea taabu yote hii. Kwa mstari wa taksi na namba za usajili, pima gari halisi na ugawanye kwa 24. Kibao ulichokipima kikawa na sentimita 52 kinakuwa milimita 21.7, kichape kwenye karatasi ya picha na ukikate kwa wembe mpya.

Wapenzi wa rali wana mfano wa karibu. Rali ya Safari ilipoanza mwaka 1953 ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Shekhar Mehta, dereva mzaliwa wa Uganda, aliishinda mwaka 1973 kwa Datsun 240Z. Gari hilo linapatikana kama kigari cha 1/24. Kulibadilisha kutoka gari la barabarani kuwa la Safari ni kuliinua (sentimita 5 za kweli ni milimita 2.1), kuongeza taa za mbele na kuweka vizuia tope vilivyokatwa kwenye mpira mwembamba wa puto. Vumbi jekundu liwe la kweli: murram, udongo mwekundu wa barabarani, iliyosagwa na kuchujwa kwa soksi nyembamba ya kike mara mbili, kwa sababu punje usiyoiona kwa jicho huwa kokoto katika 1/24. Ichanganye na maji na tone la sabuni, ipake, ikikauka futa pale upepo ungefuta, kisha klia isiyong'aa juu yake. Klia hiyo huitia giza, kwa hiyo anza na vumbi jepesi kuliko unalolitaka.

Jambo la mwisho ni matairi. Matairi laini ya zamani ni ya PVC, yaliyotiwa mafuta ya kulainisha, na mafuta hayo huhamia polepole kwenye rimu za polistirini na kuziyeyusha. Rimu nyingi zilizoliwa pembeni utakazozikuta kwenye vigari vya zamani ziliharibiwa hivyo, si kwa moto. Zungushia rimu ukanda wa karatasi ya alumini kabla ya kuvisha tairi, na kigari kikae juu ya kioo au mbao, mbali na jua la dirishani.