Je, wajua kwa nini maandishi peke yake hayamtoshi kiziwi wakati wa dharura?

Septemba 2017, kimbunga Irma kikiikaribia Florida, maofisa wa kaunti ya Manatee waliita wanahabari ili kuwatangazia wananchi wahame. Kando ya msemaji alisimama mkalimani wa lugha ya alama. Hakuwa mkalimani wa taaluma. Alikuwa mwokoaji wa ufukweni aliyeajiriwa na kaunti, mwenye ndugu kiziwi. Viziwi waliokuwa wakitazama waliona alama za "pizza" na "zimwi" katikati ya tangazo la kuokoa maisha. Wanaosikia hawakushtuka: waliona mikono ikienda, wakaamini ujumbe umefika.

Wengi huuliza, si wangeandika tu maneno chini ya skrini? Maandishi yanahitajika sana, hasa kwa wenye usikivu hafifu wasiotumia alama. Lakini lugha ya alama si Kiingereza wala Kiswahili kilichohamishiwa mikononi. Ina sarufi yake, na sehemu ya sarufi hiyo iko usoni: katika lugha ya alama ya Marekani, kuinua nyusi hugeuza sentensi kuwa swali la ndiyo au hapana. Ndiyo maana barakoa za wakati wa Uviko-19 ziliwaumiza viziwi maradufu, maana zilificha midomo na pia uso unaobeba maana.

Aliyezaliwa kiziwi hujifunza kusoma lugha ambayo hajawahi kuisikia, kwa hiyo kwa wengi maandishi ni lugha ya pili. Tangazo lenye majina ya mitaa, saa na masharti, likipita mbio chini ya skrini, si rahisi kulishika hata kwa msomaji mzuri. Na kamera ikimsogelea waziri na kumwacha mkalimani nje ya picha, kiziwi amenyang'anywa tangazo zima. Hilo linaniudhi kuliko yote, kwa sababu kulizuia hakugharimu chochote.

Kuomba msaada nako kuna ukuta wake. Katiba ya Kenya ya 2010 iliifanya lugha ya alama ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, hatua kubwa kweli. Ila nyumba inapowaka usiku, lugha hiyo inatakiwa iwepo upande wa pili wa simu. Uingereza ilianza Juni 2022: kiziwi hupiga 999 kwa video, mkalimani hutokea kwenye skrini na kumweleza opereta kwa sauti, saa 24, bila malipo.