Duka Limejaa, Droo Tupu: Dhana Potofu za Kukuza Biashara Dar

Kagua duka linalofungwa Kariakoo, Tandika au Mbagala, na mara nyingi utakuta wateja walikuwepo. Hela ndiyo iliyoganda: nyingine rafuni, nyingine kwenye daftari la wadaiwa, nyingine kwenye fremu ya pili iliyolipiwa kodi ya mwaka mzima. Karibu kila dhana hapa chini inaishia kugandisha hela. Mahesabu tumeyafanya kwa mfano mmoja: begi la shule la kununua jumla 20,000 na kuuza 26,000.

"Nimeweka asilimia 30, nikipunguza 10 bado nina 20"

Hii ndiyo inayoua wengi, na inaua kimyakimya kwa sababu mauzo yanapanda.

Faida yako ni 6,000. Ukiipima kwa bei ya kununulia ni asilimia 30, lakini kwa bei ya kuuzia ni 23 tu. Mteja anayesema "bosi, nipe bei ya mwisho" anakata kwenye 26,000. Asilimia 10 ya hiyo ni 2,600, kwa hiyo unabaki na 3,400. Ili upate faida uliyokuwa unaipata kwa mabegi 100, sasa uuze 177.

Na hapo hatujagusa gharama. Tuseme kodi ya fremu, mshahara wa kijana wa dukani, LUKU, mifuko na makato ya miamala vinakula 900,000 kwa mwezi, na unauza mabegi 250. Kila begi limebeba 3,600 ya gharama. Bei yako ya chini kabisa ni 23,600. Yule uliyempunguzia asilimia 10 amelipa 23,400, na wewe umemwongezea 200 kutoka mfukoni.

Fanya hesabu hii kila mwezi: gharama zote gawa kwa idadi uliyouza, jumlisha na bei ya kununulia. Andika jibu kwa alama anayoijua muuzaji wako, ibandike kwenye lebo. Mteja akibana sana, mpe kitu badala ya hela, mathalani chupa ya maji uliyoinunua 1,000. Kwake ni zawadi, kwako ni nafuu kuliko 2,600.

"Duka likijaa ndipo wateja wanaingia"

Rafu tupu inafukuza mteja, hilo kweli. Ila mtaji wa milioni 10 unaozunguka mara 2 kwa mwaka kwa faida ya asilimia 30 unazaa milioni 6 kabla ya gharama. Mtaji huohuo ukizunguka mara 6 kwa asilimia 15 unazaa milioni 9. Anayeng'ang'ania faida kubwa kwenye begi lililokaa miezi minane anadhani anajilinda.

Kila mzigo ukiingia, andika tarehe kwenye katoni. Ukifika siku 90 haujatoka, ushushe bei, hata kwa hasara ndogo, hela ikanunue kinachotoka.

Mabegi yana misimu: shule zinafunguliwa Januari, halafu Julai baada ya likizo ya kati. Mzigo wa Guangzhou unaokuja kwa meli kwenye kontena la kuchangia unakula mwezi na zaidi baharini, bado kujaza kontena kule na kuutoa bandarini huku. Ukiagiza mwishoni mwa Novemba, unaweza kuupokea watoto wameshakaa madarasani. Hapo unasubiri Julai, na hela yako inasubiri na wewe. Agiza Septemba.

"Mali kauli inaleta wateja"

Mali kauli, yaani kuchukua mzigo sasa na kulipa baadaye, si dhambi, imejenga maduka mengi mjini. Angalia tu siku zinaelekea upande gani. Msambazaji akikupa siku 30 na wewe ukampa mmachinga 14, unafanya biashara kwa hela ya mwenzako. Ikigeuka, wewe ndiye benki, tena benki isiyotoza riba.

Mdaiwa mmoja akizima simu na begi la 20,000, kwa faida halisi ya 2,400 (ile 6,000 toa gharama 3,600) unahitaji kuuza mabegi 9 ili urudi ulipokuwa. Weka kikomo: mtu asidaiwe zaidi ya alichonunua taslimu mwezi uliopita. Chukua nakala ya kitambulisho cha NIDA, namba ya simu na sahihi. Mzigo mpya hautoki kabla deni la zamani halijaisha, hata kama ni shemeji.

"Nikisajiliwa VAT nimekwisha"

Kwanza, TIN, namba ya mlipakodi, haiuzwi. TRA wanaitoa bure. Ukilipia, umemlipa kishoka.

Usajili wa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) unakuwa lazima mauzo yanapofika milioni 200 ndani ya miezi 12. Kabla ya Julai 2023 kiwango kilikuwa milioni 100. Ni mauzo, si faida. Kwa begi la 26,000, hayo ni mabegi kama 21 kwa siku, na duka lenye mzunguko hufika bila mwenyewe kushtuka.

Kinachoumiza hasa ni risiti. Ukibaki na bei ya 26,000, VAT ya asilimia 18 iliyomo ndani ni kama 3,966. Kama muuzaji wako wa jumla amesajiliwa na alikupa risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi), ndani ya ile 20,000 kuna VAT ya 3,051 unayoitoa kwenye hiyo 3,966, kwa hiyo unalipa TRA 915. Ukinunua bila risiti kwa sababu "bila risiti ni nafuu", unalipa 3,966 yote, na ile faida ya 6,000 inabaki 2,034. Gharama ya duka ni 3,600. Umeshapata jibu.

"Fremu ya pili, faida mara mbili"

Mwenye nyumba anaweza kutaka miezi sita au mwaka kwa mkupuo, dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, na Kariakoo unaweza kudaiwa kilemba, hela ya kuachiwa fremu, na anayeondoka. Kodi ya 500,000 kwa mwezi ni milioni 6 kwa mwaka kabla hujaweka begi hata moja. Katika hiyo, mpangaji wa biashara anatakiwa azuie asilimia 10, yaani 600,000, na kuiwasilisha TRA. Mwenye nyumba akikwambia "nipe yangu kamili" ukampa, deni hilo TRA watakudai wewe.

Kabla ya kulipia, liache duka la kwanza wiki mbili bila kukanyaga. Ukirudi, linganisha hela na mzigo. Visipolingana, tawi litakuwa na shimo lilelile. Dawa yake si kumweka ndugu. Ndugu naye huchomoa, tena kumdai ni kazi. Chagua bidhaa tano zinazotoka haraka, zihesabiwe asubuhi na jioni, ziandikwe, na malipo yote ya simu yaingie kwenye Lipa Namba ya duka, si kwenye laini ya mtu.

"Bima ni ya matajiri"

Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021. Wanaokata bima nao wana kosa lao: wanataja thamani ndogo ili walipe kidogo. Mzigo wako ukiwa wa milioni 20 na umeukatia bima ya milioni 10, umeweka bima nusu. Kwa kawaida, mzigo wa milioni 8 ukiungua unalipwa kama milioni 4. Na kampuni itataka ushahidi wa kilichokuwemo, kwa hiyo kila Ijumaa piga picha ankara na daftari la mzigo, uzitume kwenye barua pepe yako. Daftari lililoachwa dukani litaungua na mabegi.